Mwalimu Nyoosha na Viatu vya Kijiti

Mtu akishafariki, hata waliokuwa hawamsalimii humgeuza malaika. Mimi sitaki hayo. Marehemu alikuwa mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja tangu hajaota meno, kwa hiyo niacheni niseme alivyokuwa. Alikuwa mkaidi. Akishaamua jambo lake, umlilie, umtukane, umnunie wiki nzima, habanduki. Na jambo kubwa aliloliamua maishani ni kuwafundisha watoto wa mtaa wetu kucheza balei, bila malipo, nyuma ya duka langu la kushona nguo. Hakuna aliyemwomba.

Balei ni ile densi ambayo mtu husimama kwenye ncha za vidole vya miguu, mgongo umenyooka, mikono inaelea. Watu wa kwetu waliijua kwa kuiona kwenye televisheni tu, tena kwa kupitia, wakitafuta mpira. Mdogo wangu aliijua kwa sababu ya mke wa injinia. Tulipokuwa wadogo alikuja injinia kujenga daraja, na mkewe, ambaye zamani alikuwa mchezaji, akachoka kukaa ndani na kutazama ukuta. Akaomba ukumbi wa shule yetu, akakusanya wasichana, akaanza kuwafundisha. Mimi nilijaribu mara moja, nikaambiwa kwa upole kwamba bila shaka nina vipaji vingine. Mdogo wangu yeye alishika. Siku zile alifagia kwa vidole, aliteka maji kwa vidole, mama akawa anamwuliza kama sakafu inamwunguza.

Halafu daraja likaisha. Mkataba wa injinia nao ukaisha, wakafunga mizigo wakaenda zao, na hakuna aliyekumbuka kuwaaga watoto. Siku ya darasa mdogo wangu akaenda ukumbini, akakuta kufuli, akaketi kwenye ngazi kusubiri. Jioni mama akanituma nikamfuate. Hakuwa analia. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani, ndipo akasema, "Dada, ameniacha katikati."

Nilidhani ni mambo ya kitoto, yatapita. Hayakupita.

Alipokua alipata kazi hospitali, katika chumba cha plasta, kule wanakofungwa mikono na miguu iliyovunjika. Aliloweka bendeji za plasta kwenye maji ya vuguvugu, alishikilia mguu wa mgonjwa ukae sawa, na wiki zikipita aliikata plasta na kumwambia mtu ajaribu kusimama. Alirudi kila siku na unga mweupe kwenye kucha na kwenye nyusi. Hakuolewa, wachumba waliokuja aliwapa chai, wakainywa, wakaondoka. Balei hakuitaja tena. Ila mara nyingine nilimsikia chumbani kwake akipumua kwa mpango, na nikichungulia namkuta ameshika ukingo wa dirisha, mguu mmoja umeinuka nyuma. Nilikuwa narudisha mlango polepole.

Siku moja akaja dukani, akasimama mbele ya cherehani yangu bila hata kuvua mkoba begani.

"Dada, ile stoo yako ya nyuma unaitumia?"

"Naitumia. Ina magunia ya vipande vya vitambaa."

"Vipande vinaweza kukaa chini ya meza ya kukatia."

"Na stoo unataka uweke nini?"

"Watoto."

Nikamwambia watoto hawawekwi stoo, na kama anataka watoto azae wa kwake kama wenzake. Mimi ulimi wangu ni mkali, sijawahi kukataa. Wiki haikuisha, magunia yalikuwa chini ya meza yangu, na mimi nakata nguo sina pa kuweka miguu.

Sementi, alisema, inaua magoti ya mtoto. Akaenda kuomba mbao za makasha kwenye duka la mafriji, akambembeleza seremala jirani mpaka akakubali, wakatandaza sakafu ya mbao juu ya vipande vya matairi ili inese mtu akiruka. Bomba la maji lililotupwa likafungwa ukutani, likawa la kushikia. Kioo kilikuwa mlango wa kabati lililokufa: mtoto mrefu alijiona bila kichwa, mfupi alijiona kichwa bila miguu. Muziki ulitoka kwenye simu yake, ameitia ndani ya bakuli la bati ili sauti ipae.

Wazazi walikuja na wasiwasi wao. Kusikia ni bure, wakataka kujua nyuma yake kumefichwa nini. Mama mmoja aliuliza kama ni dini mpya. Baba mmoja, fundi baiskeli, alisema binti yake atafunzwa kutembea kama kuku aliyekanyaga makaa, akacheka peke yake. Mdogo wangu aliwajibu wote jibu moja: waje waketi watazame. Wakaja, wakaketi kwenye benchi langu la wateja, wakaona kwamba kinachofanyika mle ni kazi, tena kazi ngumu, na kwamba mtoto akitoka pale anakula na kulala bila kusukumwa. Wakawaleta na wadogo zao.

Jina lake la mtaani, Mwalimu Nyoosha, lilitokana na mdomo wake mwenyewe. Nyoosha goti. Nyoosha shingo. Nyoosha, bado, hapo umedanganya, nyoosha. Nilimsikia kupitia ukutani siku nzima za mwisho wa wiki, na si mimi tu. Kuna mteja wangu mmoja, mama mwenye mwili wake, kila nilipompima kiuno sauti ile ikitoka nyuma alinyooka bila kujijua, na nguo zake zote zikawa zinambana akifika kwake na kulegea.

Hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Aliyechelewa alibaki mlangoni. Aliyelia aliambiwa alie akiwa ameshika bomba. Lakini hakukosa siku hata moja, na hilo nawaapia. Homa ikimkamata alifundisha amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Tulipomzika baba, mwisho wa wiki ule ule alikuwa stoo, macho mekundu, anahesabu mapigo. Nikamfokea. Nikamwambia hata watoto wanaelewa msiba.

"Wataelewa wakiambiwa," akanijibu. "Wakikuta kufuli hawataelewa."

Basi nikarudi kwenye cherehani yangu, maana nilijua anaongelea ngazi zipi.

Katika watoto wote aliowafundisha, mmoja ndiye aliyemkosesha usingizi. Tulimwita Kijiti, kwa wembamba wake. Aliletwa mdogo kabisa, na kufikia miaka kumi na miwili alikuwa anacheza kiasi kwamba mimi, nisiyejua lolote, nilikuwa nasimamisha cherehani kumsikiliza anavyotua. Alikuwa hatoi sauti. Watoto wengine wakiruka mikasi yangu inaruka mezani. Kijiti akiruka husikii kitu.

Mama yake alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Uani kwake kamba zilipita huku na huku mpaka mtu anainama kuufikia mlango. Alikuwa anajua doa la chai na doa la kutu kwa kunusa. Alimrudishia mtu shati limetoka doa ambalo mwenyewe alishalizoea akadhani ni rangi yake. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni miaka nenda rudi, na ilikuwa ndiyo fahari yake. Ukimsifia sura hakuelewi, ukimsifia shuka anakukaribisha ndani. Nguo za mazoezi za watoto wote alizifua yeye, bila kuombwa, akisema mtoto wa mtu asimame mbele ya kioo na nguo iliyofubaa ni aibu yake yeye.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mezani. Mjini kati kulikuwa na chuo cha densi, majengo ya kueleweka, na kila mwaka chuo kilichukua mtoto mmoja kutoka familia isiyo na uwezo, kikamsomesha na kumlaza humo humo mpaka amalize. Mtoto mmoja tu, na asiwe amepita miaka kumi na miwili. Kwa Kijiti ulikuwa mwaka huo au basi. Mdogo wangu alimwandaa kama mtu anayeandaa safari ya maisha yake mwenyewe. Nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye mchujo wa kumpata mtoto huyo mmoja, kila mtoto alitakiwa kucheza sehemu moja amesimama kwenye ncha za vidole kabisa, na hilo haliwezekani bila viatu vyake. Viatu hivyo kwa nje ni satini laini, ungedhani vya bibi harusi. Siri yake iko puani. Pua ya kiatu ni tabaka za kitambaa zilizogandishwa kwa gundi mpaka zikawa ngumu kama kuni, na juu ya hiyo gundi ndipo uzito wote wa mtu unakaa. Vipya hatukuvimudu. Mdogo wangu alikwenda kuomba vilivyotupwa na wachezaji wa mjini, akabonyeza pua moja moja kwa dole gumba, na katika kapu zima akapata jozi moja yenye uhai iliyotosha mguu wa Kijiti, mguu mpana kwa mtoto mwembamba vile. Ilikuwa imechakaa rangi, pua zimekuwa za kijivu kama dekio. Alivifungia kabatini, na vilivaliwa mbele yake tu.

Ila kulikuwa na jambo moja alilofunzwa na mke wa injinia, na hakuliacha: mchezaji hushona tepe za viatu vyake mwenyewe. Hashonewi. Tepe ndizo zinazoshika kifundo cha mguu, na mkono utakaozishona ndio utakaolaumiwa zikikatika. Mimi fundi niko mlango wa pili, nilijitolea, nikakataliwa. Kwa hiyo siku chache kabla ya mchujo akampa Kijiti viatu, sindano na uzi, akamwambia akashone nyumbani, ashone taratibu.

Akashona vizuri. Kesho yake akaenda shule, viatu akaviacha juu ya kitanda.

Jumamosi tulikwenda chuoni wote wanne. Mama Kijiti alivaa gauni lake la sherehe, akakaa ukumbini safu ya mbele kabisa, mkoba mapajani, mgongo umenyooka hata Mwalimu Nyoosha asingepata la kusema. Mimi nilikuwa chumba cha kubadilishia, napunguza ukanda wa begani wa nguo niliyomshonea mtoto. Mdogo wangu akafungua mfuko kutoa viatu.

Vilikuwa vinang'aa. Sijawahi kuona kiatu kikuukuu kimerudi ujana namna ile. Doa hakuna, ule ujivu hakuna, satini imetulia kama imetoka dukani leo. Nikasema, "Mashallah, umevipata wapi hivi?" Mdogo wangu aliweka dole gumba kwenye pua ya kiatu akabonyeza. Kikalia kidogo kwa nje, kama karatasi, halafu kikabonyea kama ndizi iliyoiva.

Nikaelewa yote bila kuambiwa. Yule mama alivikuta juu ya kitanda, vya kijivu, vya mtoto wake, vya kupanda navyo mbele za watu. Akavifua. Alipoona vimelegea akafanya analofanya kwa kola za mashati: akavitia wanga. Akavijaza karatasi visipoteze umbo, akavianika kivulini satini isipauke. Kila alichokijua alikiweka pale. Na gundi yote ikaenda na maji.

Mdogo wangu alimtazama Kijiti. Mtoto alikuwa anatazama sakafu.

"Umejua lini?"

"Jana, niliporudi shule."

"Mbona hukuja?"

"Alikuwa ananionyesha. Alikuwa anafurahi, Mwalimu. Angeniuliza naenda wapi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia asante."

Nilikuwa na pini mdomoni, na nilishukuru kuwa nazo, maana sijui ningesema nini.

Mdogo wangu akatoka mbio kuomba. Msichana mmoja wa chuo alijitolea viatu vyake kwa moyo mweupe, lakini mguu wa Kijiti haukupita. Akawaomba wasimamizi siku nyingine, hata kesho yake. Wakasema kwa adabu kwamba mchujo unafungwa leo, na mwakani mtoto atakuwa amepita umri. Acheze na viatu laini akitaka, ila atapimwa kama mtoto ambaye bado hajasimama kwa ncha. Akarudi, akafunga mlango, akavichukua vile viatu vizuri akavirudisha mfukoni.

"Nipe nivae," Kijiti akasema. "Ni dakika chache tu. Nitasimama kidogo."

"Hapana."

"Nikivunjika utanifunga plasta mwenyewe."

"Nimefunga miguu mingi," mdogo wangu akasema. "Wako siufungi. Vaa vile laini vya mazoezi."

Mtoto alilia, akaambiwa alie huku anavaa, naye akavaa. Akapanda. Sitawaelezea alivyocheza, sina maneno hayo, ila niliwaona wasimamizi wakiacha kunong'onezana. Ikafika sehemu ya ncha. Wenzake wote wakainuka juu, wakawa warefu ghafla, yeye akabaki chini yao, anafanya hatua zile zile, mikono ile ile, mfupi peke yake katika mstari. Alimaliza kila kitu. Nafasi akapewa mtoto mwingine, aliyestahili pia, simwonei wivu.

Mama Kijiti alitufuata kwenye korido. Alikuwa na adabu bado, anatafuta kuelewa.

"Mwalimu, mbona wangu hakuvaa vile viatu? Viatu si vilikuwa tayari?"

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akanishika kifundo cha mkono, akakibana kwa mkono ule uliozoea kushikilia miguu ya watu isicheze, na mimi nikabaki hivyo hivyo nimeachama.

"Mimi nilimkatalia," akasema. "Nimeona hajawa tayari."

"Hajawa tayari? Miaka yote hii?"

"Nimeona hivyo."

Yule mama alikaa akimtazama. Kisha akasema polepole, ili kila neno liingie. "Wewe ulifungiwa mlango utotoni. Mtaa mzima tunajua. Ndiyo maana umemfungia mwanangu."

Mama akamshika mtoto mkono wakaondoka, na mtoto akawa anageuka nyuma mpaka walipokata kona.

Njiani nilimwakia. Nilimwambia yeye ni mpumbavu, atageuka gumzo la mtaa, na kwamba kesho asubuhi naenda uani kwa yule mwanamke kumweleza nani kafanya nini. Aliniacha nimalize. Halafu akasimama.

"Dada, yule ana kitu kimoja duniani anachojua anakifanya vizuri kuliko wote. Unataka nikamwambie kitu hicho ndicho kilichomkosesha mwanawe nafasi?"

"Ni kweli lakini."

"Ni kweli. Akinichukia mimi, mimi nina mabega. Akijichukia yeye, Jumatatu asubuhi atatia mikono yake kwenye maji gani?"

Akaniambia nikisema neno, yeye na mimi basi. Na mmeshamjua alivyokuwa.

Yaliyofuata niliyatabiri yote, na kuwa sahihi hakukunifariji hata kidogo. Mama Kijiti akamtoa mtoto. Akaacha kufua nguo za darasa. Kwenye bomba la maji la mtaa, dukani, kwenye foleni ya zahanati, akasema yule mwalimu ana roho ya korosho, anakuza watoto wa watu apate wa kuwavunja. Wazazi wengine wakawatoa wa kwao. Wakabaki watoto wachache, ambao mama zao hawakuwa na pa kuwaacha mwisho wa wiki. Mdogo wangu aliwafundisha wale wale, kwa sauti ile ile. Alikutana na yule mama barabarani akamwamkia, hakuitikiwa. Kesho akamwamkia tena. Mimi nilikuwa napita upande wa pili, maana ningesimama pale ningechafua hali ya hewa.

Niliumia, na nasema wazi niliumia zaidi yake. Kumwona mtu wako anatemewa mate kwa jambo zuri alilofanya, na wewe umefungwa mdomo, ni kazi kuliko kufua.

Ikapita miaka. Kijiti alimaliza shule, akapata kazi kwenye duka la rangi za nyumba. Jumamosi moja nikamwona amesimama mlangoni pa stoo, mtu mzima, madoa ya rangi kwenye mikono.

"Mwalimu, niingie?"

"Umechelewa," mdogo wangu akasema.

"Najua."

"Ingia. Shika bomba."

Tangu siku ile Kijiti akawa anawafundisha wadogo, na mama yake, sijui walikubaliana vipi, akawa hamkatazi. Watoto wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Kisha figo za mdogo wangu zikagoma. Alilazwa hospitali ile ile aliyofanya kazi, na wale wa chumba cha plasta walikuwa wanampitia na unga wao mikononi. Mwishoni alikuwa anapotewa na siku. Kila nilipokaa kando yake aliniuliza swali moja.

"Leo ni siku ya darasa?"

"Ndiyo."

"Mlango umefunguliwa?"

"Umefunguliwa. Kijiti yuko ndani."

"Basi," anasema, anafumba macho. Nilimjibu hivyo hata Jumanne, hata Alhamisi. Asubuhi moja hakuuliza.

Kwenye msiba Mama Kijiti alikuja. Alikuwa amezeeka, vidole vimepinda. Alipenya katikati ya watu mpaka nilipokaa, akakaa chini kando yangu, akanishika mkono kwa mikono yake ile mikavu. Kijiti alikuwa nyuma yetu na birika la chai.

"Nimekuja nikuambie," akasema. "Nilimsamehe zamani. Nisingependa huo ugomvi wetu uzikwe moyoni mwako wewe. Alikosea, lakini binadamu ni binadamu. Nimemsamehe."

Mniwazie mimi hapo. Mimi nisiyeweza kukaa na neno hata nusu saa. Lilipanda mpaka kwenye meno. Nikaangalia vile vidole, kisha nikamwangalia Kijiti, naye ameshika birika, ananitazama, hapumui.

Nikasema, "Asante, mama. Nimepokea kwa niaba yake."

Darasa halikufungwa. Jumamosi iliyofuata msiba stoo ilijaa, wazazi wamesimama mpaka dukani kwangu, wengine wapya. Mama Kijiti alikuja na beseni, kuchukua nguo za mazoezi akazifue kama zamani. Kijiti alikuwa amepewa na wachezaji wa mjini mfuko wa viatu vya ncha, na wasichana watatu walikuwa wamefikia kuvivaa. Kabla hajasema kitu akamgeukia mama yake.

"Mama, tusaidie maji ya kunywa ya watoto, ndoo ile pale."

Mama akabeba ndoo akatoka. Kijiti akasubiri mpaka hatua zake zikaisha. Ndipo akainua kiatu kimoja juu.

"Viatu hivi havifuliwi. Havipanguswi hata kwa kitambaa kibichi. Vikichafuka vinavaliwa hivyo hivyo, na asiyetaka aje kwangu."

Mama mmoja mgeni akacheka. "Mwalimu, kwani nani alishawahi kufua viatu kama hivyo?"

"Mimi," Kijiti akasema. "Nilivifua mwenyewe siku moja kabla ya mchujo. Nikakosa nafasi."

Cherehani yangu ilikuwa inakwenda. Nikaisimamisha. Kwa miaka yote ile nilidhani mdogo wangu alimfundisha mtoto yule kutua bila sauti tu.

Mama yake akarudi na ndoo kichwani, maji yanamdondokea begani, akauliza kama amechelewa sana. Tukamwambia hapana, ndiyo kwanza tunaanza.